Sanduku la Mjomba: Sahani za Jazi kwa Sikio la Mwambao

Mjomba wangu alikuwa baharia. Tangu miaka ya 1950 hadi mwisho wa miaka ya 1970 alizunguka na meli za mizigo kutoka Kilindini hadi bandari za Ulaya na Marekani, na kila aliporudi kwao Mji wa Kale alirudi na sanduku. Wenzake walileta saa, vitambaa na manukato. Yeye alileta sahani za santuri. Alipofariki dunia mwaka jana, Mola amrehemu, chini ya kitanda chake palikutwa sahani thelathini na kitu za muziki wa jazi, na watoto wake hawakujua wazifanye nini.

Mkubwa wao, mtu wa msikiti ambaye namheshimu, alisema zikatupwe baharini. Wa pili alisema ziuzwe, kwani wako wazungu wanaozilipia fedha nzuri. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikizisikiliza pamoja na marehemu. Siku ile sikutoa rai. Nimekuwa nikiitafuta tangu hapo, na leo naitafuta mbele yako, msomaji, kwa kukufungulia sanduku lenyewe na kukueleza kilichomo.

JAZI GANI?

Kwanza tuondoe utata wa jina. Wengi wetu tukisikia "jazi" hukumbuka Shirati Jazz, Morogoro Jazz, au TPOK Jazz ya Franco. Bendi hizo zililichukua jina, lakini muziki wake ni wa dansi: magitaa, waimbaji, na watu kuinuka vitini. Jazi ninayoisema hapa ni ile iliyozaliwa na watu weusi wa Marekani, katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake mpigaji hupewa wimbo kama malenga anavyopewa kina na kituo, kisha hutunga papo hapo. Aliyewahi kuwasikia malenga wakijibizana hatapata taabu kuifahamu.

Na katika jazi kuna fungu moja ambalo ndilo hasa nataka kulisifu: sahani za mtu mmoja na chombo kimoja. Hapana ngoma, hapana muimbaji, hapana mwenziwe wa kumshika mkono akiteleza. Sisi wa mwambao hatuna haki ya kuliona hilo geni. Mzee wetu Zein l'Abdin, aliyetutoka mwaka 2016, alipokuwa akipiga taksimu ya udi kabla ya wimbo kuanza, ukumbi mzima ulinyamaza. Basi chukua taksimu hiyo, uirefushe iwe ya nusu saa, na useme hapana wimbo utakaofuata. Hiyo ndiyo jazi ya mtu peke yake.

Nimesoma chuoni kama watoto wote wa mtaani kwetu. Mwalimu alikuwa akifumba macho, nasi tukisoma mmoja mmoja, na bila ya kututazama alijua nani amekata pumzi pasipo mahali pake. Sisemi kwamba kisomo na muziki ni kitu kimoja, hasha, astaghfirullahi. Kisomo ni ibada. Ninalosema ni kwamba sikio ni lile lile moja alilotujaalia Mola, na sikio lililofunzwa kutambua madda, kituo na pumzi haliridhiki tena na kelele. Ndiyo maana kwa msikilizaji wa kwetu naanza na zile sahani zenye utulivu.

TAARAB YA AMERIKA

Sahani ya kwanza kuingia sandukuni ilinunuliwa kwa makosa. Mjomba alikuwa New York, Kiingereza chake kikiwa cha bandarini, akaona dukani jalada lenye jina la Ahmed Abdul-Malik. Akageuza nyuma, akakuta vipande vinne vyenye majina ya Kiarabu: "Ya Annas", "Isma'a", "El Haris" na "Farah 'Alaiyna". Akaona waliotajwa wanapiga kanuni, fidla, darbuka na dufu. Alidhani amepata sahani ya taarab.

Aliporudi nyumbani akawakusanya jamaa, kahawa ikapikwa, santuri ikawekwa sebuleni. Kanuni ikaanza, fidla ikaitika, wazee wakatikisa vichwa. Kisha ghafla ikaingia saksafoni ya Johnny Griffin kama mtu aliyefungua mlango bila ya hodi. Bibi yangu, nasikia, aliuliza, "Huyu naye katokea wapi?" Mjomba hakuweza kumjibu, lakini hakuiondoa sahani.

Sahani hiyo ni Jazz Sahara, ya mwaka 1958. Ahmed Abdul-Malik alikuwa mpigaji besi mashuhuri aliyemfuata Thelonious Monk, na humo anapiga besi na udi pia. Mwenyewe alisema baba yake ni Msudani, na Mjomba aliamini hivyo hadi kufa. Katika kitabu chake cha mwaka 2012, mtafiti Robin Kelley ameonyesha kwamba wazazi wake walitoka kisiwa cha St. Vincent katika bahari ya Karibea. Mimi jambo hilo halikunipunguzia kitu. Mtu aliyezaliwa Brooklyn akatafuta udi mpaka akaupata, huyo ameutaka kuliko sisi tulioukuta nyumbani. Sahani hii si ya mtu mmoja, lakini kwa mzoefu wa taarab ndiyo mlango mwepesi kuliko yote. Unaingia ukiwa mwenyeji, unatoka ukiwa umefika ugenini.

WALIOSILIMU

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu hivi, habari zilimfikia mwalimu wetu kwamba baada ya Alasiri nakwenda kwa Mjomba kusikiliza santuri. Hakunipiga. Aliniambia mbele ya wenzangu, "Sikio lako limehama." Maneno hayo yaliniuma kuliko bakora. Nikamwendea Mjomba nikilia, nikamwambia sitakuja tena. Naye akanyamaza kidogo, kisha akatoa sahani tatu, akaniwekea mapajani nisome majina: Ahmad Jamal, Yusef Lateef, Abdullah Ibrahim. "Soma, mwanangu," akaniambia. "Hawa nao walisilimu. Mimi sijui hukumu yao. Lakini usiniambie hawa ni watu wa mbali."

Ni kweli, katika miaka ya 1940 na 1950 wapigaji jazi wengi weusi wa Marekani waliingia katika Uislamu. Wengi wao walifikiwa na wahubiri wa Ahmadia, na wasomaji wangu wanazijua tofauti zilizopo. Hapa si mahali pa kuziamua. Walikuwa watu waliochoka kuitwa majina waliyorithi kwa mabwana wa watumwa, katika nchi ambayo mtu mweusi alikatazwa kula kwenye hoteli aliyopigia muziki.

Ahmad Jamal alizaliwa Pittsburgh mwaka 1930 kwa jina la Frederick Russell Jones, akasilimu mapema katika miaka ya 1950. Sahani yake At the Pershing: But Not for Me ilirekodiwa Januari 1958 katika hoteli ya Pershing mjini Chicago, naye yuko pamoja na Israel Crosby kwenye besi na Vernel Fournier kwenye ngoma. Zaidi ya miaka miwili haikutoka katika orodha ya sahani zilizouzwa sana Marekani. Sikiliza kipande kiitwacho "Poinciana", na usisikilize anachokipiga tu, sikiliza anachokiacha. Wapigaji wengine wa zama zake walimwaga sauti kama mvua ya masika. Jamal hugusa mara mbili tatu, akanyamaza, na ukimya ule ukafanya kazi. Miles Davis, aliyekuwa hamsifu mtu kwa urahisi, alikiri kwamba alijifunza kwake thamani ya nafasi tupu.

Na kuna habari moja ya Jamal ambayo Mjomba hakuijua, nami nimeipata baadaye. Fedha ya sahani ile ilipoingia, mwaka 1959 alifungua Chicago mkahawa wake wenye muziki, akauita Alhambra, kwa jina la kasri la Waislamu wa Andalusi. Hapakuuzwa pombe. Hebu fikiri: ukumbi wa jazi, Chicago, mwaka 1959, na hapana hata glasi moja ya ulevi. Ulifungwa mwaka 1961.

Jamal alifariki Aprili 2023. Miaka michache kabla yake, mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 89, ilitoka Ballades, sahani ambayo sehemu yake kubwa yuko peke yake na piano. Humo anairudia "Poinciana" ile ile, sasa bila ya besi wala ngoma. Mwenye kuzipata zote mbili azisikilize usiku mmoja. Ni kama kumsikia mtu akisoma shairi lake la ujanani akiwa mzee: maneno ni yale yale, aliyebadilika ni msomaji.

Yusef Lateef ndiye nimpendaye kwa sababu ya zumari. Huyu alipiga saksafoni na filimbi, lakini pia alipiga obo, ambayo ni jamaa wa zumari yetu: chombo cha mianzi miwili inayopulizwa kwa pamoja, chenye sauti ya kulia kwa puani. Katika Eastern Sounds ya mwaka 1961 anaipiga kwenye "Blues for the Orient", na aliyewahi kusikia zumari ya harusi ikitoka uchochoroni atasimama. Katika kipande kingine anapuliza chombo cha udongo cha Kichina. Hakulipenda hata neno "jazi", kwa kuwa aliona limebeba dharau. Alihiji Makka, akapata shahada ya udaktari wa elimu mwaka 1975, na mapema katika miaka ya 1980 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria, Nigeria. Uzeeni aliacha kupiga katika vilabu vya pombe. Mwaka 1987 alitoa sahani yenye kuitwa Yusef Lateef's Little Symphony, ambayo vyombo vyote kavipiga yeye mwenyewe. Alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 93.

KILIMANJARO MJINI COPENHAGEN

Sahani ya tatu ya mapajani mwangu siku ile ndiyo ambayo, ningeambiwa nichague moja tu, ningeichagua: African Piano.

Abdullah Ibrahim alizaliwa Cape Town mwaka 1934, na kabla ya kusilimu mwaka 1968 alijulikana kwa jina la Dollar Brand. Mji wake ni mji wa bandari kama ulivyo wetu; Waholanzi waliwapeleka huko watumwa na wafungwa kutoka Java na visiwa jirani, na hao ndio waliopanda mbegu ya Uislamu. Utawala wa ubaguzi ulipozidi aliondoka kwao mwaka 1962. Duke Ellington alimsikia mjini Zurich, akamfungulia njia.

African Piano ilirekodiwa Oktoba 1969 katika klabu moja mjini Copenhagen, mbele ya watu, mtu mmoja na piano moja. Kipande cha kwanza kinaitwa "Bra Joe from Kilimanjaro". Mkono wa kushoto unashika pigo moja zito, unalirudia, unalirudia, wala hauchoki, kama watu wanaovuta jarife pwani. Juu yake mkono wa kulia unazungumza. Mara ni sauti za kanisani alikolelewa, mara ni ngoma, mara ni kama mtu anayeita jina la mtu aliye ng'ambo. Vipande havikatwi kimoja kimoja, kimoja kinazaa kingine, hadi upande wa sahani unakwisha nawe hukujua.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilimuuliza Mjomba, "Kwani huyu Kilimanjaro amefika?" Akacheka. "Mtu aliyefukuzwa kwao," akasema, "mlima wowote wa Afrika ni wake." Miaka mingi baadaye nilikuja kufahamu kwamba alikuwa akijisema yeye pia, kwani theluthi moja ya umri wake aliipitisha majini.

Mwenye kutaka zaidi, amsikilize katika "Mannenberg" ya mwaka 1974, iliyorekodiwa Cape Town pamoja na wenzake na ikawa wimbo wa wapinga ubaguzi. Na Senzo ya mwaka 2008, tena peke yake na piano, ni sahani ya mtu mzima aliyepunguza maneno.

SHAIRI LISILO NA MANENO

Kwa washairi wenzangu ninayo zawadi yao. John Coltrane hakuwa Muislamu. Babu zake wawili walikuwa wahubiri wa kanisa. Lakini mkewe wa kwanza, Naima, ambaye jina lake limebaki katika kipande kizuri kuliko vyote alivyotunga, alikuwa Muislamu, na mpiga piano wake McCoy Tyner alisilimu angali kijana.

Desemba 1964 Coltrane alirekodi A Love Supreme, sahani ya sehemu nne. Alitunga utenzi wa kumshukuru Mungu, ukachapwa ndani ya jalada. Katika sehemu ya nne, "Psalm", hapana muimbaji, lakini ukiushika ule utenzi mkononi na kufuata saksafoni kwa kidole, utagundua kwamba anaukariri, silabi kwa silabi, kwa pumzi. Anapofika mwisho wa mstari hushuka na kutua. Nilipolibaini jambo hilo niliirudia sahani mara tatu. Sisi tunahesabu mizani kwa vidole. Yeye kaihesabu kwa saksafoni.

Coltrane alifariki mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 40. Miaka mitano baadaye, mjini Tokyo, McCoy Tyner aliketi peke yake akarekodi Echoes of a Friend, kumkumbuka rafiki yake. Ni piano tupu, na "Naima" imo. Mkono wa kushoto wa Tyner ni mzito kama nanga, na mara nyingine hupiga kana kwamba anataka kuivunja piano, lakini katika "Naima" anatulia. Waliofiwa watamfahamu upesi. Tyner mwenyewe alitutoka Machi 2020.

KISWAHILI KILIFIKA KABLA YETU

Wako wanaosema jazi haituhusu. Waambieni wamtafute Randy Weston. Mwaka 1960, mataifa ya Afrika yalipokuwa yakipandisha bendera zao moja baada ya nyingine, mpiga piano huyu wa Brooklyn alirekodi Uhuru Afrika na bendi kubwa iliyopangiwa muziki na bibi mmoja hodari, Melba Liston. Yusef Lateef wetu yumo pia. Weston alitaka isikike lugha ya Kiafrika, akawauliza wajumbe wa Afrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, nao wakamwambia ni Kiswahili. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na aliyeyasoma kwa Kiswahili ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Vipande viwili vina majina ya lugha yetu: "Uhuru Kwanza" na "Kucheza Blues". Utawala wa Afrika Kusini uliipiga sahani hiyo marufuku mwaka 1964. Lugha yetu ilikuwa ikimtia hofu kaburu ilhali sisi wenyewe hatujui kama imefika huko.

Miaka kumi baadaye Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili. Hancock akajiita Mwandishi, na hilo ndilo jina la sahani yao ya mwaka 1971. Mpiga besi wake akawa Mchezaji, mpiga ngoma akawa Jabali, mpiga tarumbeta, ambaye pia alikuwa daktari, akawa Mganga. Mimi ninayeishi kwa kalamu siwezi kukasirika. Lakini sahani yenyewe ina vyombo vya umeme na mizunguko mingi. Mgeni wa jazi asianzie hapo.

Weston, aliyefariki mwaka 2018, aliishi Morocco miaka kadhaa. Kwa msikilizaji mtulivu nachagua Marrakech in the Cool of the Evening, iliyorekodiwa mwaka 1992 katika hoteli ya La Mamounia, Marrakech. Ni piano peke yake, na vidole vya mtu mrefu asiye na haraka. Naisikiliza kaskazi ikivuma, madirisha yakiwa wazi.

WENGINE WA PEKE YAO

Nitawapitia kwa ufupi. Thelonious Monk, katika Solo Monk ya mwaka 1965, hupiga kama mtu anayejikwaa makusudi. Ukidhani amekosea, rudi usikilize, utaona ni wewe uliyekosea. Keith Jarrett, Januari 1975, alifika Köln, Ujerumani, akakuta piano ndogo mbovu isiyo ile aliyoitaka, akakaribia kukataa kupiga. Alipiga, na kwa kuwa sauti za juu na za chini hazikumfaa, alishikilia za katikati akazirudia mpaka zikawa dua ya mtu aliyebanwa. The Köln Concert imeuzwa zaidi ya milioni tatu. Na Sonny Rollins, aliyewahi kupumzika jukwaani tangu 1959 hadi 1961 akawa akifanya mazoezi juu ya daraja la New York ili asiwasumbue majirani, ana The Solo Album ya mwaka 1985: saksafoni moja tu, karibu saa nzima. Hii ni ngumu. Iwe ya mwisho.

Mwenye kuanza, namshauri afuate njia hii: Jazz Sahara kwanza, kisha At the Pershing, kisha African Piano. Asisikilize zaidi ya upande mmoja kwa siku. Asiifanye kuwa sauti ya nyuma ya mazungumzo; azime taa akipenda, akae. Siku hizi vijana huzipata zote katika simu zao bila ya sanduku wala meli, na hilo ni jema, ila simu haimfundishi mtu kungoja.

SANDUKU LIKO WAPI

Mjomba alihiji mwaka 1988. Aliporudi aliifunga santuri kwa shuka akaliingiza sanduku chini ya kitanda, wala hakulifungua tena. Miaka ikapita, siku moja nikathubutu kumuuliza, "Mjomba, mbona hukuzitupa?" Akanijibu, "Mtu hatupi alichokipenda, mwanangu. Hukiweka mbali." Sikujua kama hilo ni toba au ni kinyume chake, na sasa sina wa kumuuliza.

Wiki mbili zilizopita, baada ya Isha, yule mwanawe mkubwa alikuja kwangu tumalize jambo hili. Sikumpigia sahani hata moja. Najua msimamo wake, na msimamo wake una wanavyuoni nyuma yake. Nilimsimulia habari ya Ahmad Jamal na ule ukumbi usiouza pombe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulidumu?" akaniuliza.

"Miaka miwili hivi."

Akainamisha kichwa. "Lakini alijaribu," akasema. Kisha akasimama, akavaa viatu, na alipofika mlangoni akageuka: "Sanduku likae kwako. Usiuze. Na Ramadhani usilifungue."

Nimekubali masharti yote mawili, na la tatu nimejiwekea mwenyewe: adhana ikilia, sindano inainuliwa, hata kama Coltrane yuko katikati ya mstari. Mjomba alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Rai niliyoombwa basi ndiyo hii. Anayeona kwamba yote haya ni haramu, namuomba radhi kwa kumchukulia wakati wake, wala sitashindana naye. Anayesikiliza muziki, na wengi wetu tunasikiliza, achague wa kumnyamazisha badala ya wa kumpigia kelele. Namfungia kwa beti moja:

Ukimya una maneno, msikizi hutambua,
Hautaki mashindano, moyo ukiufungua,
Ni kidole na mkono, na pumzi za kutua,
Sina hukumu wenzangu, nimesema nilojua.